Bunduki Tupu Bado Ina Springi: Macho Yako Kwenye Meza ya Kusafishia Silaha

Jaribu kuingia uwanja wa shabaha hapa Texas bila miwani ya kinga. Mlangoni utasimamishwa, utaazimwa miwani au utauziwa, na ukibisha utarudishwa nyumbani. Hakuna anayelalamika. Kila mtu anaelewa kwamba ganda la risasi likiruka likiwa la moto, au kipande cha risasi kikigonga chuma na kurudi, jicho ndilo litakaloumia kwanza. Saa mbili baadaye mtu huyohuyo yuko garaji kwake, silaha ileile iko mezani, miwani ameiacha kwenye begi, ameinama mpaka pua inakaribia kugusa chuma, anatafuta pini ndogo kwa tochi ya simu. Uwanjani silaha ilikuwa umbali wa mkono mzima kutoka usoni. Mezani iko umbali wa shibiri mbili, pengine moja.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Tumefundishwa vizuri kuiogopa bunduki yenye risasi, na wengi tumeishia hapo. Risasi zikishatoka tunaona kazi ya usalama imekwisha, sasa ni kufuta masizi na kupaka mafuta. Lakini bunduki iliyotolewa risasi haijatolewa nguvu. Ndani yake kuna springi zilizobanwa tangu kiwandani, na kuifungua maana yake ni kuziachia moja baada ya nyingine kwa vidole vyenye mafuta. Ongeza dawa kali za kusafishia, brashi za waya, nyundo na vitoboo vya kutolea pini, na juu ya vyote hivyo macho mawili yaliyo wazi.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku Marekani. Hapa eneo la Dallas tuko wengi: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Wengi wetu hatukukulia na silaha nyumbani. Tulikotoka bunduki ilikuwa ya askari, ya mlinzi wa benki, ya askari wa wanyamapori, au gobore la mzee mmoja kijijini ambalo watoto hatukuruhusiwa hata kulikaribia. Huku mtu anapata Green Card, kibali cha ukazi wa kudumu, anaalikwa na wafanyakazi wenzake kuwinda kulungu Novemba au nguruwe pori wakati wowote wa mwaka, na kabla hajajua ana bunduki mbili kabatini. (Wenye viza za muda, za masomo kwa mfano, msikimbilie. Sheria ya shirikisho kwa kawaida haiwaruhusu kumiliki wala kushika silaha, ukiacha misamaha michache. Ongeeni na mwanasheria kwanza.) Ukiwa umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, Texas inakutaka upitie mafunzo ya uwindaji kabla ya kuwinda mwenyewe, na mafunzo hayo ni mazuri. Ila kufungua bunduki na kuisafisha tunajifunza kwa video, na kwenye video nyingi anayefundisha hana kitu machoni. Tunamwiga.

Kabla ya springi, risasi. Sitaruka hili kwa sababu eti kila mtu analijua. Vaa miwani kwanza, ndipo uiguse silaha. Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta nyuma slaidi (chuma cha juu cha bastola kinachosogea) au boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu wa bunduki ndefu), tazama chemba, tundu inamokaa risasi tayari kufyatuliwa, kwa macho kisha ingiza kidole uhakikishe kweli ni tupu. Risasi zote zihamie chumba kingine. Kwa bastola za Glock jambo hili lina uzito wa pekee, maana ili uifungue ni lazima ubonyeze triga, na kuna watu waliobonyeza wakiamini chemba ni tupu kumbe sivyo. Magazini hutolewa kabla ya kuvuta slaidi. Ukianza na slaidi, unaitoa risasi moja na magazini inaingiza nyingine, nawe unabaki na imani kwamba umemaliza.

Sasa springi. Chukua bastola ya 1911, ile iliyobuniwa na John Browning, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka huo wa 1911. Bado inatengenezwa, na ninawafahamu ndugu kadhaa walioinunua kwa ajili ya historia yake tu. Chini ya mdomo wa mtutu kuna kifuniko kidogo cha chuma, cha mviringo, kipana kama ncha ya kidole. Nyuma yake kuna springi inayorudisha slaidi, na ile ya kawaida kwa risasi za .45 ina nguvu ya ratili 16, yaani zaidi ya kilo 7. Ili kuifungua unakibonyeza kifuniko kwa dole gumba, na huku umekibonyeza unaizungusha pete inayoshika mtutu kwa mkono wa pili. Pete ikishavuka ukingo, hakuna kinachokizuia kifuniko ila dole gumba lako. Na dole gumba hilo lina mafuta, kwa kuwa bastola nzima ina mafuta. Utausikia msukumo wenyewe: kile chuma kinaisukuma nyama ya kidole, kinatafuta upenyo. Ukikiachia taratibu kinatoka kwa utulivu na springi inakifuata. Kikiteleza, hutakiona kikienda. Utasikia tu mlio darini. Waliokaa na bastola hizi miaka mingi wanaweza kukuonyesha alama kwenye dari zao.

Mtu anapoifungua mara ya kwanza, mara nyingi huisimamisha wima mezani, mdomo wa mtutu juu, kisha anainama juu yake aone pete inavyozunguka. Ni rahisi kueleweka kwa nini: ukiwa juu yake unapata uzito wa kubonyezea. Lakini uso umeshakaa kwenye njia ileile ambayo kifuniko kitapita. Badala yake, ielekeze pembeni, mbali na uso wako na wa yeyote aliye chumbani, kaza kitambaa juu ya kifuniko pamoja na dole gumba, na macho yafuatilie kutoka ubavuni. Unaporudisha springi mahali pake ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu kuibana ni kugumu kuliko kuiachia.

Si 1911 peke yake. Glock za sasa springi yake kuu imefungwa kwenye fimbo yake, hairuki hovyo, na huo ni ubunifu mzuri. Lakini magazini yake, kama magazini yoyote ya bastola, ina springi inayokandamizwa na kibao cha chini. Ukitelezesha kibao hicho bila kuweka dole gumba mlangoni, springi inatoka ikikimbilia popote ulipoielekeza, na watu wengi huelekeza usoni kwa sababu wanatazama kama kibao kimeanza kusogea. Kwenye bunduki ya AR-15 kuna pini za kufungulia zinazoshikiliwa na springi nyembamba mno na kijipini cha urefu wa milimita chache. Ya mbele ndiyo mbaya zaidi, imekimbia kwenye magaraji mengi na haijaonekana tena. Watu wanachekea kupotea kwake, wanasahau kuuliza ilipita wapi kabla ya kupotea. Kwenye boliti ya bunduki hiyohiyo kuna kirusha ganda, kijiti cha chuma chenye springi nyuma yake, kinachoshikwa na pini moja tu. Gonga pini hiyo itoke bila kukikandamiza, nacho kinaruka. Na bunduki za boliti za kuwindia kulungu zina springi ya pini ya kufyatulia ndani ya boliti yenyewe, yenye nguvu ya kutosha kulipua kiberiti cha risasi, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Hiyo ina kifaa chake cha kuifungulia. Kama huna kifaa, mpelekee fundi wa bunduki. Boliti ikifutwa kwa nje na kupakwa mafuta kidogo inatosha kwa msimu mzima.

Kwa vipande vidogo vinavyoruka kuna njia moja ninayoipenda sana: fanya kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani. Silaha na mikono ndani, kichwa nje. Kikiruka kinagonga plastiki na kuanguka palepale. Umeokoa kipande, na jicho pia.

Nina jamaa yangu kutoka Bukavu, tunawinda pamoja. Septemba huwinda njiwa, na kwa ndege wanaohama sheria ya shirikisho inataka shotgani isibebe zaidi ya risasi tatu, kwa hiyo ndani ya bomba la magazini huwekwa kijiti cha kuipunguza nafasi. Msimu wa njiwa ulipoisha alitaka kukitoa kijiti hicho, waende na wenzake kwenye nguruwe pori. Shotgani ya pampu. Akafungua kofia ya mbele ya bomba, akachokonoa kizuizi kwa bisibisi, akiwa amelitazama bomba kutoka mbele. Springi ya shotgani ikiwa nje ni ndefu kuliko bomba lenyewe. Ikiwa ndani imejikunja yote. Ilitoka na ncha yake ikampiga jicho la kushoto.

Hakulia, hakuita mtu. Machozi yalimtoka kwa dakika chache, akaona ukungu kidogo, kisha akajiambia limepita. Akaunganisha bunduki, akaifungia, akaoga, akalala. Asubuhi mkewe alipomtazama usoni mezani pa chai akaweka kikombe chini. "Baba Neema, hiyo damu ndani ya jicho umeitoa wapi?" Sehemu ya chini ya mduara wa rangi, kuzunguka mboni, kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooka kama maji yaliyotulia kwenye glasi. Haikuwa ile damu ya kawaida ya kwenye weupe wa jicho, ambayo inatisha lakini mara nyingi haina neno. Hii ilikuwa ndani, nyuma ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho.

Nilikwenda naye hospitali kusaidia Kiingereza. Daktari alieleza kwa subira, nami nikatafsiri, na mengi ninayoyaandika hapa nilianza kuyajua siku ile. Jicho likipigwa na kitu kisicho na makali, hubonyea kwa mbele na kutanuka pembeni kwa nukta ya sekunde. Mishipa midogo ya sehemu yenye rangi inapasuka na damu inavilia mbele ya jicho. Damu hiyo inaweza kuziba njia ambayo majimaji ya jicho hupitia, presha ya jicho ikapanda, na presha ikikaa juu inaua mshipa wa kuonea. Ndani ya siku chache za mwanzo inaweza kuvuja tena, mara nyingine zaidi ya mwanzo, ndiyo maana akaambiwa alale kichwa kikiwa juu, asibebe kitu kizito, asiiname, avae ngao juu ya jicho na arudi kupimwa mara kwa mara. Aliulizwa pia kama amekunywa dawa za maumivu kama aspirini au ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja. Alikuwa amekunywa. Mtu anafungua kabati la dawa anameza kilicho karibu, nani angelijua hilo?

Aliona tena vizuri. Lakini ile pembe ya ndani ambayo majimaji hutokea ilichanika kidogo, na mtu wa namna hiyo anaweza kupata presha ya macho, glakoma, miaka mingi baadaye, bila maumivu na bila onyo. Kwa hiyo atapimwa presha ya jicho kila mwaka, maisha yake yote. Kwa wengine pigo kama lile huleta mtoto wa jicho mapema, au hubandua retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga: mtu anaanza kuona nukta nyeusi nyingi zikielea, mimweko ya mwanga, au kivuli kinachoshuka kama pazia upande mmoja. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Niliuliza kama miwani ya kawaida ya kinga ingemsaidia. Daktari akasema ndiyo, bila kusita. American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari bingwa wa macho wa huku, kimekuwa kikisema kwa miaka kwamba karibu nusu ya ajali za macho hutokea nyumbani, na kwamba miwani sahihi ingeweza kuzuia asilimia 90 ya ajali hizo.

Dawa za kusafishia zina hatari yake, na hii haiji kwa kishindo. Vuta picha ya mtutu umewekwa kwenye vibanio, brashi ya shaba nyeusi imelowa dawa, inasukumwa kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni. Ndani ya mtutu nywele za brashi zimelala, zimebanwa. Inapotoka mdomoni zinanyanyuka zote kwa pamoja na kurusha matone. Washa tochi upande wa pili wakati mwenzako anasukuma, utaliona wingu dogo likitoka, kijivu kwa masizi. Sasa kumbuka ni nani huwa amesimama mbele ya mdomo wa mtutu akisubiri kuona brashi itatoka lini. Weka kitambaa au chupa tupu ya plastiki mdomoni, matone yaishie humo.

Dawa zenyewe hazifanani. Hoppe's No. 9, ambayo harufu yake inajulikana na kila mwindaji huku na imekuwa sokoni tangu 1903, itakuunguza jicho na kukutoa machozi, lakini ya kuogopwa zaidi ni zile kali za kutoa shaba kwenye mtutu, zenye amonia. Amonia ni alkali, na alkali jichoni ni mbaya kuliko asidi nyingi. Asidi hugandisha tabaka la juu na kwa kiasi fulani hujifungia njia yenyewe. Alkali huyeyusha mafuta ya kuta za seli na kuendelea kupenya ndani hata baada ya maumivu kupungua. Soma chupa kabla ya kufungua. Makopo ya kupuliza, pamoja na ile dawa ya kusafishia breki za gari ambayo watu hupenda kwa sababu ni rahisi, yana tatizo jingine: ukipuliza ndani ya tundu lisilo na mlango wa pili, dawa inarudi ilikotoka, yaani kwako. Puliza kutoka pembeni, mbali na uso, nje au mlango wa garaji ukiwa wazi. Hewa ya kompresa ni hivyohivyo. Kanuni za usalama kazini za huku zinaweka kikomo cha psi 30 (kipimo cha presha) kwa hewa ya kusafishia, na kompresa nyingi za garaji zimewekwa juu zaidi ya hapo. Chembe za baruti iliyoungua, mchanga na vinyweleo vya shaba havina pa kwenda ila kurudi nje.

Masizi yale yana risasi, ile metali yenyewe, kutoka kwenye viberiti na vichwa vya risasi. Glovu za naitraili mikononi, na usifikiche jicho kwa mkono uliokuwa kazini, hata likiwasha vipi.

Nyundo sasa. Chuma kigumu kikigongwa kwa chuma kigumu, ukingo unaweza kuvunjika chembe ndogo kuliko unavyoweza kuiona, ikaruka kwa kasi kubwa. Madaktari wa macho wanaijua sana ajali hii, kwani kugonga chuma kwa nyundo ni miongoni mwa sababu kubwa za vipande kuingia ndani kabisa ya jicho lenyewe. La hatari ni kwamba pengine haiumi sana. Mtu anasema kuna kitu kimenigusa, anapepesa, anaendelea. Kipande cha chuma kikibaki ndani kinashika kutu, na kutu hiyo inaitia retina sumu polepole. Kwa hiyo kama ulikuwa unagonga na ghafla ukahisi kitu, hata kama unaona vizuri, nenda ukapimwe na useme wazi: nilikuwa nagonga chuma. Neno hilo linabadilisha vipimo. Watatumia eksirei au CT, si MRI, kwa sababu sumaku ya MRI inaweza kukisogeza kipande ndani ya jicho. Nyumbani tumia nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba au nailoni na kitoboo kinacholingana na pini. Brashi za waya za Dremel, ile mashine ndogo ya mkononi ya kusagia, nazo hupukutisha waya zikizunguka, na waya hizo hujichoma zinapofikia, hata kwenye nguo. Kwa kazi hiyo vaa na ngao ya uso mzima juu ya miwani. Ngao peke yake haitoshi, kwa sababu iko wazi chini.

Je, miwani gani? Kwa Marekani tafuta alama Z87+ kwenye fremu na kwenye lenzi yenyewe. Hiyo ni alama ya kiwango cha ANSI Z87.1, na ile alama ya kujumlisha maana yake imepita majaribio ya kugongwa: uzito wa gramu 500 wenye ncha unaangushwa juu yake kutoka sentimita 127, kisha golori ya chuma ya milimita 6.35 inarushwa kwa mwendo wa mita 45.7 kwa sekunde, na lenzi isivunjike wala isitoke kwenye fremu. Lenzi hizi mara nyingi ni za polikaboneti, plastiki ngumu. Hazivunjiki kirahisi zikigongwa, ila zinakwaruzika upesi, na asetoni inaziharibu, kwa hiyo usizifute kwa kitambaa cha kazi. Zioshe kwa sabuni na maji.

Hapa niwaambie wakubwa wangu, shikamooni, tuliovuka miaka arobaini. Macho yanakataa kusoma karibu, tunaweka miwani ya kusomea ya dola chache na tunajiona tumejikinga. Hatujajikinga. Miwani ya kusomea haikupimwa kwa kiwango hiki cha kinga, pembeni iko wazi, na ikigongwa lenzi inaweza kutoka kuelekea jichoni. Miwani ya daktari ya kila siku ni vivyo hivyo, hata ikiwa ya bei kubwa. Zipo miwani za Z87+ zenye dirisha la kusomea sehemu ya chini, unachagua namba yako, +1.5, +2.0, na kadhalika, nazo haziumizi mfuko. Kwa mwenye miwani ya daktari kuna zile kubwa zinazovaliwa juu. Kwangu mimi hizi za kusomea ndizo zimeleta mabadiliko makubwa kuliko kifaa kingine chochote mezani, kwa sababu sasa sihitaji kuinama. Kuinama ndiko kunakoleta jicho karibu. Ongeza taa nzuri inayosimama na kioo cha kukuzia chenye mguu, na uso wako utabaki palipo salama wenyewe.

Kwa dawa zinazomwagika au kupuliza, miwani ya kawaida haitoshi, maana matone hupita juu na pembeni. Chukua goguzi (goggles) zinazobana uso zenye matundu yaliyofunikwa. Zinashika ukungu, najua, na ukungu ndio sababu ya kwanza inayowafanya watu wavue. Feni ndogo inayopuliza kutoka ubavuni inasaidia. Usiku wa Julai garaji la Texas ni tanuri, basi kazi hiyo ngoja asubuhi.

Watoto. Kuanzia hapa sina upole. Mwaka 1812 huko Coupvray, kijiji kilicho mashariki ya Paris, mtoto wa miaka mitatu alikuwa akichezea zana za baba yake aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi, nyumbani kwao. Msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, ukateleza kwenye ngozi ukamchoma jicho moja. Jicho likaoza, kisha na lile zima likafuata, na alipofika miaka mitano alikuwa kipofu kabisa. Mtoto huyo ni Louis Braille, ambaye maandishi yake ya nukta wasioona wanayasoma leo kwa Kiswahili pia. Dunia ilipata hazina, lakini hakuna mzazi anayepaswa kuifikia hazina kwa njia ile. Mtoto wako akipenda kukaa karibu ukisafisha bunduki, na watapenda, ama yeye pia awe na miwani inayomtosha, ama asiwe chumbani. Kimo chake kinaweka macho yake sawasawa na meza. Springi inayokupita kifuani inamkuta yeye usoni. Miwani ya watoto yenye Z87+ inauzwa.

Na likitokea? Dawa ikiingia jichoni, maji ya bomba palepale, dakika 15 zisizopungua, kope zimeshikwa wazi kwa vidole, jicho likigeuzwa juu, chini, kushoto, kulia. Lenzi za kuvaa jichoni zitolewe wakati maji yakiendelea, usisubiri kuzitoa kwanza. Usitie siki wala kitu cha "kuua" dawa. Usitie maziwa ya mama, asali, wala mate. Nayataja kwa sababu nimeyasikia, na mwenye kushauri huwa ana nia njema. Huku Marekani piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, mtu mwingine akiwa anapiga na wewe bado uko kwenye maji, ukiwa na chupa karibu ili jina lisomwe. Ikiwa ni amonia, baada ya maji ni hospitali, hata kama maumivu yamekwisha.

Kitu kikichoma jicho, usikichomoe, usioshe, usibonyeze, usifunge bandeji inayokandamiza. Kata kikombe cha karatasi, weka kitako chake juu ya jicho kikiegemea mifupa ya uso, bandika kwa plasta, kaa wima, usile wala kunywa kwa kuwa huenda ukapelekwa chumba cha upasuaji, na asiyeumia aendeshe gari. Springi ikikupiga, nenda siku hiyohiyo hata kama unaona.

Walio nyumbani, wamiliki wenye leseni Kenya na Tanzania, walinzi wanaotunza silaha za kampuni, na mafundi wa jua kali ambao hawana bunduki lakini wana gurudumu la kusagia: kwenye maduka ya vifaa mtakuta alama ya Ulaya, EN 166, na herufi F pembeni yake ikimaanisha imepita jaribio la golori. Isomeni kwenye lenzi yenyewe, si kwenye mfuko iliyouzwa nayo.